Kipandio cha Akina Mama

Mlangoni mwa kanisa palikuwa na kikapu cha ukindu kilichojaa vitambaa vya kichwa, na nyuma ya kikapu alisimama binti aliyevaa wigi la rangi ya asali, lenye mawimbi mpaka mabegani. Alinitazama kichwani, akatazama kikapu, akanitazama tena. Nywele zangu huzikata fupi kama za mwanafunzi, tangu mvi ziliponishinda mbio.

“Shikamoo, mama. Jitandie, tafadhali.”

“Marahaba, mwanangu. Na wewe mbona hujajitandia?”

“Mimi nimevaa wigi, mama. Wazee walisema wigi inatosha.”

Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonifundisha namna ya kubishana na mtu mwenye hakika. Nikachukua kitambaa kilichokuwa juu ya vingine. Kilinukia mafuta ya nazi, moshi wa kuni, na jasho la mwanamke nisiyemjua aliyesali nacho kabla yangu. Nilipokifunga tu, harufu ile ikanishukia puani na umri wangu wote ukayeyuka. Nikawa tena mtoto mwenye kipara, nimesimama mlango uleule kabla haujawa wa vioo, nikijiuliza kama malaika wataweza kunitambua.

Nilikuwa nimekuja Tabora kwa harusi ya mtoto wa kaka yangu, katika kanisa nililokulia. Siku hizi lina vigae sakafuni na mapangaboi darini. Nilipokuwa mdogo lilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, mabenchi ya mninga yaliyotuchubua mapaja, wanaume upande wa kulia na wanawake upande wa kushoto. Mbele kabisa ilikuwepo mimbari ya matofali, yenye vipandio vitatu.

Nyumba yetu haikuwa mbali na hospitali ya Kitete. Baba alikuwa mtu wa reli; tulimwona treni ilipotaka tumwone. Kwa hiyo ninaposema nyumbani, nasema Mama. Shuleni sheria ilikuwa moja kwa wavulana na wasichana: kipara. Kila baada ya majuma machache Mama alinikalisha kwenye kigoda uani, akanipaka povu la sabuni, akapitisha wembe taratibu kuanzia kwenye paji la uso kurudi kisogoni. Akimaliza alinipiga kikofi utosini na kusema, “Haya, yai limeiva.” Sikuwahi kuona ubaya wowote katika kuwa yai. Darasa zima tulikuwa trei.

Mwaka ule mwinjilisti wetu alihamishiwa Puge, na mchungaji, aliyekuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, alitufikia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine wazee walipokezana kuhubiri, kila mmoja kwa kadiri ya neema aliyopewa. Mmoja wao alituhubiria habari za Nuhu Jumapili tatu mfululizo, na katika Jumapili zote hizo mvua ya gharika ilikuwa bado haijaanza kunyesha. Akina mama wakachoka. Wakasema, mbona tunaye Mama Kabula?

Mama Kabula ndiye Mama yangu, na Kabula ndiye mimi. Mama alifundisha watoto wa Jumapili na kuongoza maombi ya akina mama Alhamisi. Akisoma habari za mwana aliyepotea, ulijikuta unageuka kutazama mlangoni kama anaingia. Lakini hayo yote aliyafanya chini, sakafuni, au nje kivulini. Mimbari ilikuwa jambo jingine.

Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Kapaya, mnunuzi wa asali na nta, mtu mnene mwenye kipara king'aacho na sikio moja lililokufa. Hakuwa mtu mbaya. Alitugawia sisi watoto vipande vya masega tuvitafune, na Mama alipougua yeye ndiye aliyembeba kwenye baiskeli yake mpaka hospitali. Katika kikao alisema maneno ambayo akina mama waliyarudia kwa muda mrefu: “Mimi sina neno na Mama Kabula. Mwenye neno ni Paulo.”

Mwisho wake wakaafikiana ajaribiwe Jumapili moja. Akifaa, ataingia katika zamu pamoja na wazee. Asipofaa, mjadala ufungwe mpaka Bwana arudi. Na somo la siku hiyo akalichagua Mzee Kapaya mwenyewe: pale Paulo anapowaandikia Wakorintho habari za mwanamke na kufunika kichwa. “Anayetaka kupanda mimbarini,” alisema, “aanze na hapo.”

Mama aliitaka Jumapili ile. Hakusema, lakini nilijua, kwa sababu alianza kuunguza maharage.

Jioni alifanya mazoezi jikoni. Alikaa na ungo wa mchele mapajani, akichambua mawe, Biblia ikiwa wazi juu ya kinu kilichopinduliwa, na mimi nikiwa mkutano mzima wa waumini. Alisoma kwa sauti, akasimama, akarudia, akaguna.

“Kabula, sikiliza. Hapa anasema mwanamke akisali au akihubiri, ajifunike kichwa. Sawa?”

“Sawa.”

“Kurasa chache mbele, mtu huyohuyo anasema wanawake wanyamaze kanisani. Sawa?”

“Sawa.”

“Sawa nini? Sasa aliyejifunika ili ahubiri, halafu akanyamaza, amejifunika ya nini?”

Sikujua. Nilifikiri labda kulikuwa na baridi Korintho. Lakini mimi nilikuwa nimenaswa na mambo mawili mengine aliyoyasoma njiani bila kusimama. La kwanza, kwamba ni aibu mwanamke kunyolewa. La pili, kwamba mwanamke anapaswa kuwa na kitu kichwani, na sababu iliyotajwa ni malaika.

Nilijipapasa kichwa. Kilikuwa laini, kimenyolewa siku iliyotangulia, na aliyekinyoa ndiye huyu aliyekuwa akisoma.

“Mama, malaika wana nini na vichwa vya watu?”

Alisimamisha kidole kwenye mchele. “Sijui, mwanangu.”

“Na mimi uliyeninyoa?”

“Wewe umenyolewa na serikali,” alisema. “Lete hiyo taa karibu.”

Mtoto asipopewa jibu hujitengenezea la kwake, na langu nililitengeneza vizuri kuliko mengi niliyoyaandika baadaye kwa kulipwa. Malaika, niliwaza, wako juu. Mtu aliye juu hakuoni uso. Anachoona ni utosi. Ndiyo maana wanawake wanafunga vitambaa: malaika akipita juu ya kanisa atofautishe huyu mama, huyu baba, na sala ya kila mmoja aipeleke inakostahili. Sasa mimi, mwenye kipara kama cha Masanja na cha Juma wa darasa letu, nikiwa katika mstari wa asubuhi shuleni nikisali kimoyomoyo Mama afaulu Jumapili yake, malaika angeona nini? Mvulana. Sala yangu yote ingeandikwa kwa Masanja. Na Masanja alikuwa hamhitaji Mungu kwa lolote isipokuwa mpira.

Jumapili nilikuwa nafungwa leso kama wasichana wote. Tatizo lilikuwa Jumatatu mpaka Ijumaa. Na kichwa cha kuigwa kilikuwa nyumba ya pili: Zaituni, rafiki yangu. Siku hizo ndio kwanza wasichana wa Kiislamu walikuwa wameanza kuruhusiwa kuvaa mitandio shuleni, na Zaituni alikuwa nayo miwili, myeupe pe.

“Niazime mmoja.”

“Wa nini? Wewe si Mkristo?”

“Ndiyo. Ni kwa ajili ya malaika.”

Zaituni alifikiri. “Hata sisi tunao,” alisema, akanipa. “Lakini usifutie ubao.” Akanifundisha kuubana kidevuni kwa pini bila kujichoma koo. Kila asubuhi niliuvaa kwenye kona kabla ya shule, na mchana nikamrudishia palepale, kwa kuwa ulikuwa mali ya watu.

Mwalimu wa zamu, Mwalimu Hamisi, alipita kwenye mistari akikagua kucha. Alipofika kwangu akasimama.

“Kabula. Umesilimu lini?”

“Sijasilimu, mwalimu.”

“Na huo mtandio?”

“Ni kwa ajili ya malaika, mwalimu.”

“Malaika gani?”

“Wa Korintho.”

Alinitazama, akatazama mstari mzima kana kwamba kuna mtu angeweza kumsaidia. “Haya,” alisema hatimaye, “hao mimi sina mamlaka nao. Onyesha kucha.” Akaendelea mbele. Nami nikasali wiki nzima bila kizuizi, nikiwa na hakika kwamba sala zinafika.

Zilizofika kwanza ni habari. Tabora ni mji wa njia. Misafara ya zamani ilipumzika hapa, na nadhani tangu wakati huo hatujawahi kuacha kusimuliana nani amepita na amevaa nini. Ijumaa jioni Mama Zaituni alibisha hodi na sahani ya vitumbua iliyofunikwa.

“Mama Kabula, jirani yangu,” alisema, “nimekuja, ila sijui niseme hongera au pole.”

“Kwa lipi, shoga?”

“Sokoni wanasema binti amesilimu. Nikasema, haiwezekani asilimu halafu mimi wa ukuta wa pili nisiambiwe. Lakini nikapika vitumbua, isije ikawa kweli.”

Mama alinigeukia. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo, kwa sababu kengele ya baiskeli ililia uani, na Mzee Kapaya alikuwa anashuka, jasho likimtiririka. Mama Zaituni alimwamkia akapisha kando, ila hakwenda mbali. Hakuna jirani ambaye angekwenda mbali.

“Shikamoo, mzee,” Mama alisema.

“Marahaba. Mama Kabula, sitakaa.” Akakaa. “Kesho kutwa ni Jumapili yako, na nilikuwa nimekubali, wewe ni shahidi. Sasa mji mzima unaniuliza: huyo anayetaka kutuongoza, nyumbani kwake anaongoza nani? Mtu asiyeweza kushika nyumba yake atashikaje nyumba ya Mungu? Nimekuja kwa heshima. Tuiache hiyo Jumapili.”

Nilimwona Mama akikunja pindo la khanga yake, akilikunjua, akilikunja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika stesheni akaona taa ya nyuma ya treni. Kisha alisema polepole, “Mzee, kabla hatujaiacha, mtoto huyu hapa. Muulize mwenyewe.”

Nikaeleza. Nikaeleza malaika wako wapi na wanaona nini, kwa nini kipara cha shule ni hatari, na kuhusu Masanja. Nilieleza upande wa sikio lake zima, kwa sauti, kama shuleni. Mzee Kapaya aliinamisha kichwa kusikiliza, na kilipoinama mbele yangu nikaona tatizo jipya ambalo sikuwa nimelifikiria.

“Na wewe, Babu,” nikasema, “wakikuona hivyo kutoka juu, hawadhani ni mwanafunzi?”

Mama Zaituni alitoa sauti kama ya sufuria inayofurika. Mama akajifunika mdomo kwa pindo lilelile. Mzee Kapaya alijipapasa utosi, mbele mpaka nyuma.

“Mimi,” alisema kwa ukali, “nimenyolewa na Mungu mwenyewe.” Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka bila ruhusa yake. Akala kitumbua. Akala cha pili. Mtu aliyecheka na kula nyumbani kwako hawezi tena kukufungia mlango wote, na hilo alilijua, kwa hiyo akatafuta mlango mdogo.

“Basi. Jumapili aseme. Lakini asipande, asimame chini. Na yasiitwe mahubiri. Yaitwe ushuhuda.”

“Maneno yenyewe ni yaleyale, mzee,” Mama alisema.

“Maneno sina shida nayo. Shida ni pale juu.”

Usiku kucha nililala nikijiuliza kuna nini pale juu. Niliwahi kupanda mimbarini tulipokuwa tukifagia; nilikuta kisanduku kilicholiwa na mchwa, na glasi.

Jumapili Mama alijifunga kitambaa cheupe, kilichokuwa kimekaa karibu na mafiga na kunukia moshi, na ndani yake mafuta ya nazi. Akasimama chini, pembeni ya mimbari tupu. Mama ni mfupi. Kutoka mabenchi ya nyuma kilionekana kitambaa tu, na wengine hawakuona hata hicho. Akasoma, akaanza kusema, na sauti yake, ambayo jikoni ilijaza nyumba, ikaingia katikati ya mabenchi ikapotea. Nilianza kuogopa. Watu walikohoa. Nyuma mtoto alilia, na mzee wa Nuhu akatazama saa.

“Sauti!” Mzee Kapaya alisema kutoka mbele, mkono kwenye sikio. “Mama Kabula, sisikii!”

“Mzee,” Mama alisema, “hii ndiyo sauti ya hapa chini.”

Upande wa wanawake ulicheka. Mzee Kapaya akatazama huku, akatazama kule, akatazama vipandio. Alikuwa na haki ya kusikia kama muumini yeyote.

“Basi panda,” alisema. “Kidogo.”

Mama akapanda kipandio kimoja. Akasimama pale, si juu si chini, kisigino kikining'inia nje kidogo, na sauti yake ikatoka.

“Babu zetu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani na kurudi,” alisema. “Kabla ya mzigo, mtu alikunja kitambaa kikawa ngata, akakiweka kichwani. Je, ngata ni aibu? Je, ni pambo? Ngata ipo kwa sababu kuna mzigo unakuja. Ukimwona mtu ana ngata kichwani na mikono mitupu, utamwuliza, ndugu, mzigo wako uko wapi? Mimi tangu nikiwa msichana nimeambiwa nijifunike kichwa. Nimejifunika. Ngata ninayo. Sasa naomba mnitwike.”

Hakuna aliyekohoa. Kisha akaongeza jambo ambalo wengine hawakumsamehe. “Na kuhusu malaika, mtoto wangu ameniuliza nami nimesoma wiki nzima. Sijui. Anayejua anifundishe.” Akashuka.

Baada ya ibada walisimama vikundi vikundi. Walikuwepo waliosema hawajawahi kusikia neno kama lile. Walikuwepo waliosema mhubiri gani huyo anayesema hajui. Mimi nilimvuta Mzee Kapaya mkono nikamwuliza kama Mama amefaulu. Alifikiri sana. “Kwa hapo alipofika,” alisema, “amefaulu.”

Na hapo ndipo alipoishia. Akaingizwa katika zamu, lakini zamu yake iliitwa ushuhuda na aliitoa kwenye kipandio cha kwanza. Mchungaji alipokuja akakuta ndiyo desturi, akaiacha. Wanawake waliomfuata walisimama palepale, hata warefu, hata kipaza sauti kilipokuja. Hakuna aliyepanda cha pili. Mama alisimama pale mpaka magoti yake yalipokataa, na kila mara nilikuwa benchini nikitazama miguu yake, nikingoja.

Nilipofika chuo kikuu nilidhani nitapata jibu la malaika. Maktaba ilikuwa nalo, tatizo majibu yalikuwa mengi. Wapo wanaosema malaika wale ni walinzi wa ibada, wapo wanaosema ni wajumbe wa kawaida wenye miguu, wapo wanaosema habari yote ni mitindo ya nywele ya mji mmoja wa zamani, na kila kundi lina tanbihi nyingi kuliko jingine. Niliandika insha ndefu nikapata alama nzuri. Ukiniuliza leo, nitakueleza habari ya utosi. Ndiyo pekee ninayoielewa.

Basi harusini, baada ya pete, mshehereshaji akamwita shangazi wa bwana harusi atoe neno la baraka. Nilitembea kuelekea mbele. Mimbari ya matofali haipo tena. Katikati kuna meza ya vioo, na mchungaji mwenyewe husimama sakafuni, maana ana maiki isiyo na waya. Nilipokuwa nakwenda kusimama mezani, binti wa wigi akaniwahi na kunishika kiwiko.

“Hapana, mama. Akina mama husimama pale.”

Ukutani, pembeni, mafundi walikuwa wameacha kipandio kimoja cha saruji. Wamekiwekea vigae, wamekitengenezea ukingo mzuri wa shaba. Juu yake kulikuwa na chungu cha maua ya plastiki, ambacho aliinama akakisogeza.

“Kwa nini pale?” nikamwuliza.

“Ndivyo Maandiko yanavyosema, mama.”

“Wapi?”

Hakusita hata kidogo. “Kwa Wakorintho.”

Nikapanda. Nikashika kitambaa kichwani kisidondoke, nikaanza kuwatakia vijana heri. Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa Mama, mdogo sasa kama kifaranga, kitambaa chake kimeteleza mabegani na nywele zake nyeupe zikiwa wazi mbele ya mbingu zote. Masikio yake yamemwacha. Aliweka mkono nyuma ya sikio, akakunja uso, akanikatiza kwa sauti iliyojaza kanisa lote.

“Sauti, Kabula! Sisikii! Panda juu!”

Nikageuka kutazama. Nyuma yangu ulikuwa ukuta.